Kadi Tisa za Mapokezi

Jina la Kiraka tulimpa sisi mafundi wenzake wa mtaani, kwa kuwa kazi yake ni kuziba matundu ya programu. Ana kibanda cha kompyuta jirani na changu cha simu, na zahanati kumi na mbili zinamtegemea yeye. Zote zinaandika chanjo za watoto kwa programu ya bure inayotunzwa na wataalamu wa kujitolea, naye akiwa mmoja wao. Wataalamu hao hukutana mara moja kwa mwaka, hotelini, na kiingilio ni sawa na kodi ya kibanda ya miezi miwili. Hapo bado nauli. Hapo bado kulala.

Fomu ya ufadhili ipo, jamani, asiseme mtu nimeficha. Kiraka aliijaza mara tatu, na mara tatu akajibiwa kwa adabu sana.

Kwa hiyo alikuwa akiingia kama msaidizi: unagawa kadi za washiriki na kalamu pale mapokezi, hulipi kitu. Ila huondoki mezani mpaka kadi zote zichukuliwe, na zote hazichukuliwi kamwe. Mumewe, seremala mwenye mdomo, alikuwa akimtania: "Mke wangu msomi huyo! Mwaka wa nne huu anaenda mkutanoni, mada anayoijua ni chai."

Mwaka huo wa nne akanivuta na mimi, niwe msaidizi mwenzake pale mezani. Alikuwa na sababu. Kulikuwa na hoja ya kuacha kuhudumia kompyuta za zamani, na zahanati zake hazina nyingine. Hoja ikipita, wauguzi wanarudi kwenye madaftari. Alishapinga huko mtandaoni, akaandika mpaka akachoka, jibu likawa lilelile: njoo ukumbini, kura inapigwa kwa kuinua kadi.

Siku ya pili, saa nne asubuhi, mezani zilikuwa zimebaki kadi tisa. Zote za kampuni moja kubwa iliyolipia watu ishirini ikaleta kumi na mmoja. Hoja yenyewe ilitoka kwao. Nilikasirika, lakini hasira yangu mimi huishia mdomoni.

Kiraka akachukua moja, akaivaa, upande wa jina akaugeuzia ndani.

"Kaka, chukua na wewe."

"Ah, dada, wee! Nani atabaki mezani?"

"Meza ina miguu minne, itasimama yenyewe."

Nikacheka. "Nenda tu. Mimi sitaki kuumbuka mbele za watu."

Hakunibembeleza. Akaenda.

Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia. Kusema kweli sikutegemea, maana Kiraka si mtu wa maneno mengi. Aliwasimulia habari za muuguzi mmoja, kabla ya programu, aliyepokea mtoto mwenye surua akataka kujua kama alichanjwa. Daftari lilikuwa limelowa mvua, kurasa zimegandana. "Hiyo ndiyo kazi mnayotaka kuturudishia," akasema, akakaa. Wakapiga makofi, hata wa ile kampuni.

Mwenyekiti, mtu wa haki kabisa, akaeleza kanuni upya: wanaokubali lazima wawazidi wanaokataa, wakilingana hoja imeanguka. Kadi zikainuliwa. Akahesabu kwa kidole, safu kwa safu, kisha akarudia ili asimwonee mtu.

Wanaokubali, arobaini na moja. Wanaokataa, arobaini.

Kiraka akatoka, akavua kadi, akairudisha pale ilipokuwa. Akavuta kiti, akakaa.

"Kura moja, kaka," akasema. Hakunilaumu. Alisema kama anavyotaja bei ya waya kibandani.

Mimi sikuweza kumtazama. Nilikuwa nimekaa pale muda wote, nalinda kadi nane, na hakuna mtu hata mmoja aliyekuja kuziulizia.