Mkono wa Yaw Nyumbani Bweri

Mjukuu wangu Jenipher anauza sato pale mwaloni Musoma. Akiita mteja, samaki waliolala kwenye barafu wanageuza shingo kumtazama, na shingo hawana. Anayebisha aende akawaulize. Haogopi bwana afya, haogopi wavuvi walevi. Lakini mwezi wa tatu nilimwona na woga mpaka akatia chumvi kwenye chai, akainywa, akaongeza.

Woga huo uliletwa na Yaw. Yaw ni Mghana, fundi wa kufuga samaki kwenye vizimba, kampuni moja ilimleta ziwani. Siku ya kwanza Jenipher alimwambia samaki wake wana mafuta kama mchungaji wa mjini. Badala ya kukasirika, yule bwana akacheka. Kesho yake akaja mwaloni kununua samaki walewale kwa Jenipher. Mwanaume anayenunua samaki aliowafuga mwenyewe, jamani, huyo hatafuti samaki.

Siku ya Yaw kuja kujitambulisha nyumbani kwetu Bweri ikapangwa. Sasa sisi tulikosea. Angekuwa Mzungu tungemfundisha kila kitu, hata pa kuweka miguu. Lakini Yaw ni mweusi kuliko sisi wote, ugali anakula kwa mkono, tukaona huyu ni wa nyumbani. Nani amfundishe Mwafrika kumwogopa mama mkwe?

Maana kwetu mkwe wa kiume hampi mama mkwe mkono. Hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, na salamu inapitia kwa mtu mwingine. Nilipokuwaga msichana kule Butiama, bwana mmoja aliteleza kwenye tope akamshika mama mkwe wake kiwiko. Ng'ombe wa boma zima wakagoma kutoa maziwa mpaka walipopigiwa litungu. Tena walikuwa wanachagua nyimbo.

Asubuhi ya siku yenyewe akafika Silasi kutoka Bunda. Silasi ni mwanangu wa mwisho, ndiye amesimama mahali pa marehemu baba yake Jenipher. Hata kiti hajakalia, akasema, "Mama, mimi na nchi ya mtu sina ugomvi. Akija na adabu, tutaongea habari za mahari. Akimvunjia heshima shemeji yangu, mama yake Jenipher, arudi akalishe samaki wake, na Jenipher asiniletee tena jina hilo."

Jenipher alisikia. Akanivuta jikoni, vidole baridi kama vimetoka kwenye barafu yake.

"Bibi, sikumwambia habari ya mama."

"Mpigie simu."

"Haipatikani. Yuko kwenye bodaboda."

"Basi tulia, mke mwenzangu. Mama yako anakaa huku jikoni. Watashikana mikono kupitia ukuta?"

"Hujui, Bibi. Kwao mtu akiingia anaanzia upande wa kulia, anampa mkono kila aliyepo. Hata mtoto harukwi. Ukimruka mtu umemtukana."

Sijamaliza kumtuliza, mvua ikashuka. Mvua ile, kuku walijifunza kuogelea. Upepo ukang'oa bati la jiko, tukakimbilia sebuleni, na Susana, mama yake Jenipher, akatufuata kajifunika kanga kichwani. Akaangukia kigoda cha mwisho, kando yangu. Mlango wa chumbani uko upande wa pili, na kabla hajainuka tena, Yaw alikuwa keshakanyaga kizingiti.

Akaanzia kulia kweli. Akampa mkono Silasi. Akampa mkono Mzee Benjamini, jirani yetu. Jenipher kasimama na sinia la soda, chupa zinagongana, anautazama ule mkono unavyokuja kama mtu anayetazama nyoka akivuka njia. Mkono ukafika kwangu.

Nikaukamata kwa mikono miwili kama sangara.

"Mume wangu! Umechelewa hivi, ulikuwa kwa wanawake gani?"

Bibi na mume wa mjukuu ni watani, kwa hiyo watu wakacheka. Yaw naye akacheka. "Shikamoo, Bibi."

"Mke anapewa shikamoo? Kaa hapa hapa."

Hakukaa. Akaanza kuuvuta mkono taratibu, kwa heshima. "Samahani, Bibi. Bado mama."

Susana alishajibana ukutani mpaka chokaa ikahamia mgongoni. Kicheko kikakatika. Silasi akasimama.

"Mama, mwachie huyo. Tumwone."

Sikumwachia. Nilikaza mpaka meno yangu mawili yaliyobaki yakauma. Ndipo nikasikia sinia linawekwa chini.

"Yaw," Jenipher akasema, "usimpe mama mkono."

"Nimruke? Mbele ya watu? Kwetu hilo ni tusi."

"Kwetu ndiyo heshima yake. Hata kumtazama usimtazame."

Yaw akautazama mkono wake. Nikamwachia. Akauficha mgongoni, akageuza uso, akatoka nje kwenye ile mvua.

Jenipher akashika fremu ya mlango. "Ameondoka, Bibi. Nimemfukuza mwenyewe."

Silasi akaenda dirishani, akachungulia.

"Hajaondoka," akasema. "Kasimama pale kwenye mpapai, katugeuzia mgongo. Anasubiri shemeji apite."

Susana akapita kwenda chumbani. Pazia likaanguka nyuma yake, sauti yake ikatoka: "Mama, mwambie Silasi amwingize yule mtu, asije akapata homa. Na aambiwe mkono wake nimeuona."

Silasi akajikuna shingo. "Leteni taulo. Mtu aliyelowa haulizwi habari za mahari."

Nilidhani woga uliishia hapo. Kumbe ulihama nchi. Mwezi wa kumi na mbili Jenipher anaenda Ghana kuonana na mama yake Yaw, na yule mama atanyoosha mkono, na mjukuu wangu amelelewa kumkimbia mkwe, maana kwetu hata bi harusi humkimbia mama mkwe mpaka azae. Kila jioni tunafanya mazoezi. Mimi ndiye mama mkwe. Nanyoosha mkono, anarudi nyuma mpaka anagonga debe la maji.

"Bibi, nikimwona tu, miguu itakimbia yenyewe."

"Ikimbie, ila mkono uache. Haya, toka nje uingie tena. Anzia kulia."