Mkwezi wa Bodo arudi mnazini baada ya homa kumgusa moyo

Saa moja asubuhi, kijijini Bodo, Mbarak Zahoro anatia kitanzi cha kamba miguuni, anasema bismillahi, kisha anaukumbatia mnazi. Mkewe, Twaiba, ameweka kiganja kwenye shina kana kwamba anaupima mti mapigo.

"Ukichoka ushuke, baba Hafswa."

"Sijapanda bado, nishachoka?"

Huu ni mnazi wake wa kwanza baada ya miezi saba.

Mbarak, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, alikuwa akikwea minazi thelathini kwa siku. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha wanawe wanne.

Kisha alishikwa na mafua makali. Yeye na wenzake wana dawa yao: homa ikipungua, mtu hukwea, mabaki yatoke na jasho. Siku ya nne akakwea. Kwenye mnazi wa tisa kifua kilibana na moyo ukaanza kuruka mapigo.

"Nilishikilia shina mpaka macho yakarudi kuona," asema. "Ndipo nikateremka."

Twaiba hakungoja: siku hiyo hiyo alimpeleka zahanati, nako wakatumwa hospitali. Shemeji yake Sufyan, naye mkwezi, alianguka akafa shambani miaka sita nyuma, wiki moja tu baada ya homa kama hiyo. Watu walisema ni husuda, na hakuna aliyewahi kujua moyo wake ulikuwaje.

"Sikutaka kuzika wa pili kwa neno lile lile," asema Twaiba.

Picha ya hospitali ilionyesha misuli ya moyo imevimba. Siku ya kurudi kwa tabibu wa zahanati, Kavindu Ndolo, Mbarak aliandamana na mkwezi mwenzake, Iddi, ambaye alikuja na jibu lake tayari.

"Ni ile chanjo ya korona, daktari. Kila mtu anajua."

"Alichanjwa lini?"

"Mwaka juzi."

"Na homa?"

Iddi alikuna kichwa. "Mwezi huu."

Kavindu hakumcheka. Alikiri kwamba chanjo imewahi kuvimbisha mioyo ya watu wachache, kwa kawaida ndani ya siku chache baada ya sindano. Virusi vya homa, akasema, hufanya hivyo mara nyingi zaidi.

"Siwezi kukuapia, Iddi. Lakini tarehe zinaelekea kwenye homa."

"Mimi niliugua homa iyo hiyo nikakwea. Mbona sikufa?"

"Huo ni ushahidi wa mtu mmoja. Sufyan naye alikuwa mmoja."

Kisha Mbarak akauliza, "Nyinyi mmebishana. Mimi nikwee au nisikwee?"

Jibu lilikuwa miezi sita bila kukwea wala kubeba mzigo. Twaiba akauza mihogo ya kukaanga. Iddi akaishika minazi ya rafiki yake, na kila jioni akampelekea fungu lake. Wiki iliyopita picha mpya ilionyesha moyo umetulia. Twaiba alisujudu palepale ukumbini, viatu mkononi.

Nazi ya kwanza inaanguka. Anayeiokota ni Iddi, shingo imefungwa kitambaa. Ana siku ya tatu ya mafua.

"Nimemkataza kukwea," Mbarak anapaza sauti kutoka juu.

"Ushahidi wa tabibu bado siukubali," Iddi anajibu, akipenga kamasi. "Kupumzika ndiko nilikokubali."

Mbarak anataka wakwezi wote wa Bodo waafikiane: mwenye homa akae chini mpaka tabibu amruhusu, wenzake wamshikie minazi, na asinyang'anywe hata mmoja.

Anashuka polepole. Twaiba anamwekea kiganja kifuani, anahesabu kimya, kisha anaelekeza kidole kwenye mnazi wa pili.