Bi Kimya na Mkoromaji Wake

Mtaani walimwita Bi Kimya, na jina lenyewe lilikuwa dhihaka tupu. Alikuwa fundi wa makochi, kutwa anagonga misumari barazani kwake, lakini redio ya jirani ikipanda kidogo tu, huyo, ametoka na nyundo mkononi. "Kelele sitaki!" Na ni yeye aliyejaliwa mume anayekoroma mpaka misumari inacheza ndani ya kopo. Miaka yote ya ndoa alimsukuma alale kifudifudi. Mume, dereva wa lori mwenye tumbo la heshima, hujirudisha chali na kuendelea alipoishia.

Kisha nimonia ikampiga. Mapafu yakavimba, yakajaa maji, hewa ikawa haifiki kwenye damu. Wakamlaza chumba cha mahututi, usingizi wa dawa, mpira kooni, mashine ikimpumulia.

Kesho yake Bi Kimya alimkuta kifudifudi, uso umelazwa upande.

"Mmemlaza kama mtoto anayesubiri bakora! Mgeuzeni!"

"Mama, acha hivyo hivyo," alisema muuguzi. "Akilala chali, moyo na tumbo vinakandamiza mapafu huku nyuma. Hivi alivyo, nyuma panafunguka, hewa inaingia. Na mashine inampa pumzi ndogo ndogo, mapafu yasiumie zaidi, huku dawa zikipambana na nimonia."

Bi Kimya alitazama lile tumbo lililotulizwa juu ya mito.

"Mlimgeuzaje?"

"Tulikuwa sita. Mmoja kazi yake ilikuwa kushika mpira tu."

"Sita! Na mimi miaka yote niko peke yangu, na kiwiko!"

Muuguzi aligeukia ukutani kuficha kicheko. Bi Kimya naye akacheka, kisha kicheko kikamgeuka kilio. Alikuwa anaogopa, tena sana. Mashine ikapiga king'ora, akafuta machozi kwa hasira.

"Na hii nayo haiwezi kupunguza sauti?"

"Inapiga kelele kwa ajili yake, mama. Ivumilie."

Akaivumilia, siku baada ya siku, akitazama namba ya oksijeni ikipanda kwa madaha.

Mume alirudi nyumbani amekonda, mpole, wauguzi wamemtia adabu. Mchana wa kwanza alijilaza kwenye kochi pale barazani, kifudifudi, bila kuambiwa na mtu. Hakukoroma. Jirani alikuwa amezima redio kwa ajili ya mgonjwa. Misumari imetulia kwenye kopo.

Bi Kimya aliweka nyundo chini. Kimya alichokipigania maisha yake yote kilikuwa kimefika, na hakukiweza hata kidogo. Akainama, akatega sikio karibu na pua ya mumewe. Pumzi zipo, laini, zinakwenda vizuri. Hazikumtosha.

Akampiga kiwiko cha ubavu, akamsukuma mpaka akalala chali. Kopo likaanza kutikisika. Bi Kimya akaokota nyundo, akaendelea na kazi.