Mama Pazia, Aliyewaomba Msamaha Mashahidi

Alizaliwa nyuma ya jengo la mahakama, katika nyumba ya tarishi, na hapo ndipo ulipoanzia wema wake na pia kosa lake. Baba yake alipeleka hati za wito kwa baiskeli, na jioni alimwambia bintiye kwamba neno likishasomwa na hakimu limekwisha, hakuna wa kulitengua. Mtoto aliliamini hilo kama alivyoiamini Injili. Alipokua aliingia utawani, akapewa chumba cha kushonea, akaridhika; masista wenzake walimtania kwamba hata kwenye rozari vidole vyake vinatafuta sindano.

Enzi hizo nyumba yao ilianza kupokea watu waliookolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara wa binadamu. Sheria ya nchi ilikuwepo, na masharti yake: mhanga akikubali kutoa ushahidi, analindwa na kupewa kibali cha kukaa, akikataa, anahesabiwa mhamiaji haramu na kurudishwa alikotoka, mara nyingi kwa walewale waliomuuza. Ndipo akaletwa binti mmoja aliyefungiwa kwa miaka katika nyumba ya watu akipiga pasi, mikono imejaa alama za moto. Hakutaka kwenda mahakamani. Neno lenyewe lilimtisha.

“Mama, mashahidi si wale wa kanisani, waliouawa?”

“Hao wengine, mwanangu,” mtawa akacheka. “Huyu wa mahakamani anasema ukweli, kisha anarudi nyumbani.”

Binti akakubali, kwa sababu aliyemwambia ni yeye. Siku ya kesi karani alisoma kwa sauti jina lake, la baba yake na la mji alikozaliwa, maana ndivyo utaratibu ulivyotaka, na ndugu za mshtakiwa walikuwa wamekaa benchi la mbele. Mshtakiwa alifungwa. Ulinzi nao ukaisha na hukumu. Askari aliyewasindikiza akarudi kituoni kwake. Wiki hiyohiyo mtawa alimtuma binti duka la ng'ambo ya barabara, akanunue uzi mweupe. Hakurudi. Watu waliona gari likiondoka kasi, hawakuona zaidi. Hata leo hajulikani alipo, na inauma kuandika hivyo.

Tangu hapo, litania ya watakatifu ilipofika kwa mashahidi na waamini wakajibu “mtuombee”, yeye alijibu “mtusamehe”. Mkuu wa shirika alimkanya. Akanyamaza kwa utii, ila midomo yake ilionekana ikitamka vilevile. Kisha akashona pazia zito, akalibeba mahakama hadi mahakama akiomba mashahidi wakae nyuma yake wasionekane. Makarani walimcheka, wakambandika jina la Mama Pazia, mpaka hakimu mmoja aliyekaribia kustaafu akaagiza litundikwe. Akaenda na bungeni kuomba sheria irekebishwe; wabunge walimpokea kwa chai na maneno matamu.

“Sista, sheria si ipo?”

“Ipo, mheshimiwa. Inaishia mlangoni.”

Kwa miaka mingi aliambiwa arudi kesho, naye alirudi.

Sheria ilirekebishwa yeye akiwa kitandani, hawezi tena kushika sindano: jina la mhanga lifichwe, ulinzi usitegemee ushahidi, wala usikome siku ya hukumu. Wakili wa jimbo la Kanisa alipomsomea, chumba kizima kilipiga makofi. Yeye akauliza, “Na yule wa zamani, inamfikia?” Wakili akajibu kwamba sheria hairudi nyuma. Akageukia ukutani akalia, na siku chache baadaye akafariki.

Waliokaa nyuma ya pazia lile husema walihisi mkono mgongoni, na sauti iliyokuwa imekauka ikawarudia. Kanisa halijatamka neno, nami sitalitangulia. Nilichoona mimi ni pazia lenyewe, kitambaa cheupe kilichoshonwa kote kwa uzi mweusi, kwa maana uzi mweupe hakuugusa tena.

Tumwige basi: kabla ya kumwambia mtu awe jasiri, tujue nani atamfikisha nyumbani. Na litania inapofika kwa mashahidi, wapo katika nyumba ile wanaojibu kama yeye. Mkuu wa shirika wa sasa hawakanyi. Naye hujibu hivyohivyo.