Nimemwitikia bibi "marahaba"

Jamani, leo nimeamkiwa na bibi wa watu, nami nikaitikia!

Mama ni fundi cherehani hapa Ngokolo. Alipotoka kidogo, nikajaribu gauni jeupe la mteja wetu anayesomea uuguzi.

Nikajitazama kwenye kioo, nikapotelea wodini kimawazo. Madirisha wazi, pazia linapepea, kichanga kimelala mikononi mwangu...

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba!"

Kugeuka, bibi na mkongojo wake! Chekeni tu.

"Mwanangu, mguu huu haunipi usingizi."

Nikapiga goti, nikamwamkia upya, nikamwambia mimi si nesi, ndiyo kwanza nimemaliza kidato cha nne.

"Basi usichelewe. Mimi nazeeka."

Jioni Baba akapiga simu kutoka machimboni.

"Umeamua? Kidato cha tano, au chuo cha uuguzi?"

"Chuo, Baba. Kuna mtu ananisubiri."