Sauti Kutoka Dungu la Pili

Mimi nililelewa kufukuza ndege, si kuwatazama. Nalisema mapema ili mtu asinishangae huko mbele. Kwetu, upande wa Matinyani, mtama ukishaanza kutoa masuke, shule ilitupata nusu tu. Nusu nyingine ilikuwa shambani, juu ya dungu, kuanzia alfajiri yenye umande hadi ndege wenyewe wachoke waende kulala.

Madungu yetu yalikuwa mawili. Kila moja lilikuwa na miti minne, sakafu ya fito na paa la nyasi lililopitisha jua kama chujio. La kwanza lilikuwa langu, karibu na nyumba. La pili lilikuwa la mama, kule chini kwenye mto wa mchanga. Katikati ulikuwa mtama mtupu, mrefu kupita mtu mzima. Simwoni, hanioni. Kundi la kwelea likishuka upande wake, anapiga ukelele: "Haaai-huuu!" Nami lazima niitikie vile vile, ili wale ndege wakitimuliwa kwake wasifikirie kwangu kuna pa kutua. Nisipoitikia, ananyamaza kidogo, halafu linakuja swali, kwa Kikamba, polepole, la kutisha kuliko fimbo: "Umelala?"

"Sijalala, Mama!" najibu, hata kama nilikuwa nimelala fofofo na mate yananichuruzika. Halafu nachukua donge la tope, nalibandika kwenye ncha ya ufito, nalirusha vuuu! Tope likipiga mabua, kwelea wanainuka wote pamoja na kivuli chao kinapita juu ya uji wangu uliopoa.

Kati ya kundi na kundi mama hakunyamaza. Aliimba nyimbo za kanisa, ubeti wake na wangu. Alinifundisha kupika muthokoi, mahindi yetu yaliyokobolewa, kwa kupaza sauti. Alinisimulia nani anamposa nani, na kwa nini posa hiyo haitafika popote. Siri za ukoo wetu zilijulikana kijiji kizima, maana zote zilipita hewani. Ukiniuliza mama yangu alikuwa anafanana na nini siku hizo, nitakosa la kusema. Sauti yake lakini naweza kukuonyesha ilikuwa imesimama wapi.

Sasa mfikirie mwanamke huyo amenyamaza.

Kiharusi kilimpata akiwa anachambua ndengu. Kilichukua mkono wa kulia, kikachukua mguu, kikachukua na ulimi. Mguu ulirudi kidogo kwa fimbo. Ulimi haukurudi. Nikafunga kibanda changu cha mitumba mjini Kitui, nikarudi nyumbani kumlea. Hospitali walituambia tuongee naye, tusichoke, maneno yanaweza kurudi. Nikaongea. Woi, niliongea! Mimi ni mtu wa soko, sijawahi kukosa maneno. Lakini kuongea na mtu anayekutazama tu, macho yake yakiwa yanaelewa kila kitu, ni kazi ya kuvunja mgongo. Kaka yangu ni dereva wa lori. Alikuwa akisimama Mtito Andei kula, ananipigia, nami naweka simu kwenye sikio la mama. "Mama? Mama, unanisikia?" Mama anapumua. Kaka anasikiliza kule kupumua, halafu anasema, haya, ugali wangu unapoa, na anakata haraka ili nisimsikie akilia.

Wamama wa kanisa walikuja kuomba, Mungu awabariki, lakini walimzungumzia mbele yake kama vile ni kabati. "Maskini, alikuwa na sauti nzuri." Alikuwa! Huyo aliyesema hivyo nilimwonyesha njia kabla chai haijachemka, na mpaka leo tunasalimiana kwa mbali. Nilikuwa na hasira na kila mtu. Nilikuwa nataka neno moja tu kutoka kwa mama. Si lazima liwe jina langu. Hata anitukane, ningeshukuru.

Habari ya kikundi cha watazama ndege niliipata kwenye duka la hadiwea mjini, nilipoenda kununua misumari. Mwenye duka ni mzee Mwislamu, babu zake walitoka pwani kitambo, na Kiswahili chake kimenyooka mpaka unaona aibu kufungua mdomo. Yeye ndiye mwenyekiti. Aliponiuliza natoka wapi na nikamtajia, macho yalimng'aa.

"Kwenu kando ya mto kuna vichaka vizuri, dada. Jumamosi twende nasi. Tunatazama ndege, tunapanda miti ya asili pale palipokatwa makaa."

"Mnawatazama halafu?"

"Halafu tunakunywa chai."

Nilicheka hadi mteja mwingine akageuka. Watu wazima, wenye madeni na wajukuu, wanaamka asubuhi kutazama kwelea! Nilipofika nyumbani nikamsimulia wifi yangu, mke wa huyo kaka wa lori, nikidhani tutacheka pamoja. Hakucheka. "Enda," akasema. "Mimi nitakaa na mama. Ukiendelea kujifungia humu utaanza kuongea na sufuria."

Sikumwambia kwamba na sufuria tulishaanza kitambo.

Jumamosi ya kwanza nilijiaibisha. Nilienda na kitambaa cha kichwa cha manjano, cha sikukuu, wakati wenzangu wote wamevaa rangi za vumbi. Mwenyekiti akatupa sheria: hakuna kelele, hakuna kunyoosha kidole ghafla, simu zizimwe. Tukashuka kando ya mto kwa mstari, kimya, kama watu wanaoenda kuiba mbuzi. Tulipofika kwenye shamba la jirani, nikaona kundi la kwelea linajikunja angani, linashuka kwenye mtama wa watu. Sikufikiria. Haki ya Mungu, sikufikiria. Nilipiga makofi, nikapiga ule ukelele wa nyumbani kwa sauti yote niliyopewa, na kabla haujaisha nilikuwa nimeshaokota donge la udongo na kulirusha. Kwelea wakaondoka. Njiwa wakaondoka. Hata hondohondo aliyekuwa amejikalia juu ya mgunga bila kumkosea mtu akaondoka.

Watu wote wakanigeukia. Mwenyekiti akashusha darubini yake taratibu.

"Dada, umewafukuza wageni wetu."

"Wageni gani? Hao ni wezi!"

Kicheko kilichotoka hapo kilifukuza waliosalia. Hukumu yangu ikawa kutembea nyuma ya mstari nikiwa nimebeba thamosi na mahamri ya mke wa mwenyekiti, mpaka ijulikane nimetulia. Nilikasirika hadi kwenye chai. Halafu nikala hamri la kwanza, hasira ikapungua. La pili likaimaliza.

Siku hiyo hiyo, kabla hatujaachana, mwenyekiti alinivalisha darubini shingoni, akanigeuza mabega polepole kuelekea kichaka kimoja. "Usishike pumzi. Tazama tu." Kulikuwa na kwelea mmoja. Miaka yote ya utoto wangu nilimtupia tope ndege huyu, na nilikuwa sijawahi kumwona. Niliona makundi tu, niliona njaa inashuka. Kumbe ana mdomo mwekundu, kama mtoto aliyeiba rangi ya mdomo ya mama yake. Alikuwa anajichokoa bawa, hana habari na mtu. Machozi yakanitoka na sikujua yanamlilia nani. Nilisikia harufu ya mtama mbichi, nikausikia uji wangu, nikamsikia mama kule chini akiimba ubeti wake. Nikangoja ubeti wangu ufike.

Basi nikawa mtu wa Jumamosi. Nilijifunza kutembea bila kuvunja kijiti. Tulipanda migunga na miti mingine ya kwetu kwenye kingo za mto, mingine ikaliwa na mbuzi, tukapanda tena. Siku moja tulifika hadi Ikutha kutazama ndege kwenye bwawa la mifugo, tukarudi na vumbi puani na nyimbo mdomoni. Nikifika nyumbani nilikuwa nakaa na mama na kumsimulia kila nilichoona. Alisikiliza kwa jicho moja limefumbwa, vile alivyokuwa akinisikiliza nikimdanganya kuhusu shule. Mama amepumzika sasa, na mimi bado naenda. Nikipita kando ya mto ule, mguu wangu bado hupunguza mwendo.

Mwaka ule wa kwanza, mama akiwa bado hai, mvua za vuli zilipokaribia, mama alianza kunielekezea mkono wake mzima kwenye kibuyu cha mbegu kilichoning'inia jikoni. Asubuhi kibuyu, jioni kibuyu. Mtama. Siku hizi watu wanapanda mahindi na ndengu, mtama umeachiwa wazee na ndege. Nikamwambia, "Mama, nani atakaa kuamia ndege? Mimi na nani?" Mkono haukushuka. Nikapanda, kipande kidogo tu, kuanzia uani kuelekea mto. Mvua ilikuwa na huruma. Mtama ukabeba, na kwelea wakapata habari.

Hapo ndipo mwenyekiti akaja na ombi. Kulikuwa na kozi mmoja, ndege mwindaji mwenye utosi mwekundu, ambaye yeye alimwona mara moja tu akiwa kijana, na tangu hapo amezeeka akimngoja. Kozi huyo hufuata makundi ya kwelea. Kwelea wako kwenu, dada. Tuje Jumamosi, tukae kimya, tuwaache washuke, pengine naye atakuja.

"Wale mtama wa mama?"

"Kidogo tu. Nakuomba."

Nilikubali, lakini moyo haukukubali. Jumamosi walikuja, wakajipanga nyuma ya ghala, darubini juu. "Hata kikohozi mniachie nyumbani," mwenyekiti akanong'ona, na akanitazama mimi hasa. Nilimtoa mama nje, nikamweka kwenye kiti chake cha plastiki ukingoni mwa shamba, leso magotini. Nikamwinamia sikioni: "Mama, hawa ni watu wangu wa ndege. Wanatazama tu. Usijali." Alinitazama vile unavyomtazama mtu anayekwambia ameacha mlango wazi lakini mwizi amekubali kutoingia.

Wakaja. Kwanza wachache kwenye miti ya mtoni, halafu kundi lenyewe, likajikunja, likajinyoosha, likatua. Mtama wote ukainama. Ulisikia ule mlio wa midomo mingi midogo, tik tik tik, kama mvua ikianza juu ya bati. Mwenyekiti alikuwa anatafuta angani. Mimi ngumi zangu nilikuwa nimezifunga kwapani. Nilikuwa naona mtama wa mama unaliwa, na ninakaa kimya kwa heshima! Nilijichukia.

"Haaai-huuu!"

Nilidhani ni mimi. Haki, niliupeleka mkono mdomoni kujiziba. Lakini mdomo wangu ulikuwa umefungwa. Kwelea waliinuka wote kwa pamoja, kivuli kikatupitia usoni, na chini ya kivuli hicho nikamwona mama ameegemea mbele ya kiti, fimbo imeanguka, shingo imekaza mishipa. Ukelele ulikuwa umekwaruza, umepinda mwishoni. Ulikuwa wake.

Kundi likazunguka juu ya mto, likaanza kurudi kwa upande wa nyumba, upande wangu. Mama akanyamaza. Alikuwa amegeuza kichwa kidogo, sikio limeelekea kwangu, anangoja. Mimi nilikuwa nimesimama kama gogo, machozi yanaingia mdomoni. Sikuweza kuitikia.

Halafu mama, ambaye tangu kiharusi hakuwa ametamka hata neno moja, akasema, polepole, nusu ya neno ikibaki upande ule mbovu wa mdomo:

"Umelala?"

Wifi yangu akaketi chini palepale. Mwenyekiti akashusha darubini, na mara hii hakunong'ona. "Dada, mamako anakuuliza. Mjibu."

"Sijalala, Mama!" nikapaza. "Sijalala! Niko!" Nikakimbia uani hadi pale dungu langu lilipokuwa zamani, ambapo sasa hakuna hata kisiki, kwa sababu jibu lilipaswa kutoka pale. Nikasimama, nikapiga ukelele kwa sauti ya soko na ya utoto pamoja, hadi kifua kikauma. Kwelea wakageuka.

Nilipomtazama mama, alikuwa ameshaacha kunishughulikia. Alikuwa ameinua mkono wake mzima na kunionyesha mtoni, ambako kwelea wengine walikuwa wanashuka.