Mtani Aliyelala Mbele ya Gari la Msiba

Kok. Kimya. Kok.

Ni sauti ndogo, ukiwa unaongea huisikii. Lakini mie nikiisikia hata nikiwa namenya ndizi, kisu kinasimama. Wiki iliyopita niliisikia Goba, kwenye gereji ya mjukuu wangu Zuhura. Ndiyo, mjukuu wangu wa kike ana gereji, na wanaume wa milima yote ile wanampelekea yeye magari yao, anayechukia na achukie. Alikuwa amelala chini ya fowili moja kuukuu, gari la kuvuta kwa magurudumu yote manne, akaniomba, "Bibi, hebu panda unitikisie usukani." Nikapanda. Nikatikisa kushoto, kulia, kidogo kidogo, injini imezimwa. Harufu ya grisi na matope ikanijia puani, na chini kule, kok.

Mwenye gari alikuwa na haraka, anawahi msiba Kimara. Akasema kaza tu ile skrubu ya juu niondoke. Zuhura akatoka chini, akachukua ufunguo wa gari akautia mfukoni. "Braza, haliondoki." Yule bwana akanuna. Mie nikacheka mpaka machozi, kisha machozi yenyewe yakageuka, yakawa si ya kucheka.

Sijawahi kulisimulia hili, hata kwa wanangu.

Nilikuwa na miaka tisa hivi, tunakaa Temeke. Baba alikuwa dereva, na alikuwa na gari la namna hiyo hiyo, la zamani hata kwa wakati ule, rangi imebabuka kama ngozi ya mtoto aliyetoka kuugua surua. Usukani wake ulikuwa umelegea. Unauzungusha, gari linafikiria kwanza ndipo litii. Barabarani lilikuwa linatangatanga kama mlevi anayejitahidi asionekane amelewa. Sie watoto tulikuwaga tunacheka. Mama hakucheka hata siku moja.

Alfajiri moja bibi yangu, mama yake baba, akafa nyumbani kwetu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Bibi alishausia azikwe kijijini, huko mbele ya Kisarawe, ubavuni mwa mumewe, na maiti ya Kiislamu hailazwi. Njia ya huko ni ya kupanda na kushuka, na pana mteremko mmoja ambao mkono wa kushoto hakuna kitu, ni bonde tu na vichwa vya miti unaviona kwa juu. Kwa matope yale, gari lingine lisingefika. Lilikuwepo la baba peke yake.

Asubuhi ile, ndani wanawake wanamwosha marehemu, baba aliniita uani. Nikakaa kwenye usukani, miguu haifiki chini, yeye akaingia uvunguni. Nitikise, niache, nitikise. Alikuwa anashika kifundo kimoja kimoja kwa kiganja, maana macho yanadanganywa na grisi ila kiganja hakidanganywi. Alipofika kwenye tairodi, kile chuma kirefu kinachoyafunga magurudumu ya mbele yageuke pamoja, nikasikia kok. Akaniambia tena. Nikatikisa tena. Kok. Gololi ya ncha ya ile tairodi ilikuwa inacheza ndani ya kikombe chake kama jino linalotaka kung'oka.

Alitoka uso umebadilika. Akaenda kwa baba mkubwa, kaka yake, aliyekuwa anausimamia msiba. Niliwasikia. Baba alisema atafute kifundo kingine kwanza, atachelewa saa mbili au tatu. Baba mkubwa hata sauti hakuipandisha. Akamuuliza, "Dereva wa mji mzima, siku ya kumbeba mama yako ndiyo gari linakuwa bovu?" Basi. Ukisikia mtu kafungwa mdomo, ndiyo hivyo.

Baba akarudi, akafungua boneti, akaikaza ile skrubu ya juu ya boksi la usukani. Nikaujaribu. Usukani ulikuwa umekaza vizuri, mtu asiyejua angesema gari limepona. Ila kifundo kule chini hakikuguswa. Akanitazama akaniambia nisiseme kwa mtu. Halafu akatoka, akapotea kidogo, akarudi na kopo la mkaa wa kufukizia ubani. Nakumbuka mama alimwambia mkaa upo. Akalitua kopo jikoni, akatoka.

Watu walianza kuhesabiana nani apande na maiti. Mama alikuwemo, na mdogo wangu wa kunyonya, na mie. Nikatoka mbio, peku, mpaka kwa Bi Kalunde.

Bi Kalunde alikuwa Mnyamwezi, muuza mkaa, mtani wetu sie Wazaramo. Mnajua mtani alivyo msibani. Analia uongo, anavaa kofia ya marehemu, analizuia jeneza, na hakuna wa kumkasirikia. Kwa akili yangu ya kitoto nilijua ni yeye peke yake anayeweza kumzuia baba mkubwa na yeye asipigwe. Nikamwambia yote, siri ya baba nikaitapika mlangoni pake. Hakushtuka, hakuuliza swali. Akaniambia, "Nimesikia. Kanawe miguu."

Saa saba jeneza likapakiwa. Baba amevaa kanzu nyeupe, amekaa kwenye usukani. Watu wamejaa nyuma, wengine wamening'inia. Akawasha. Hapo ndipo Bi Kalunde akatokea, kajifunga kanga kiunoni, kavaa kofia ya baba, akajilaza matopeni chali, kichwa karibu na gurudumu la mbele.

"Nyie Wazaramo hata kufa mnachagua siku ya mvua, mtusumbue," akasema. Watu wakacheka. Baba mkubwa akamrushia shilingi. Bi Kalunde akaifunga kwenye pindo. "Hii ya kulala. Ya kuamka bado." Wakacheka zaidi. Akarushiwa nyingine. Ile akaitupa.

Vicheko vikafa kimoja kimoja. Mtani anayekataa pesa hatujapata kumwona. Baba mkubwa akashuka, akasema huu si utani sasa, jua linakwenda. Bi Kalunde akanyoosha mkono uvunguni, akaishika ile tairodi.

"Mtani," akamwita baba, "kabla hujanipitia juu, njoo ulale hapa pembeni yangu ushike hiki chuma."

Baba akazima gari. Akashuka, akalala matopeni na kanzu yake ile. Sauti ikatoka chini, "Mwanaidi, panda utikise." Nikapanda. Kok. "Tikisa tena." Kok. "Tena." Mvua inadondoka kwenye turubai juu ya bibi, na ile sauti. Kisha akakivuta kifundo kwa mkono mmoja, bila nyundo, bila spana. Kikachomoka kama jino la mtoto. Gurudumu moja likaangalia msikitini, la pili likaangalia sokoni.

Mama alinishika kifundo cha mkono mpaka kikaacha alama.

Kifundo kingine kilipatikana Tandika, kwenye gari lililokaa juu ya mawe. Baba alihesabu mizunguko wakati wa kufungua cha zamani, akafunga kipya kwa mizunguko ile ile, ili magurudumu yasipishane. Tulipofika ule mteremko baba mkubwa alikuwa anatazama bondeni, midomo inacheza. Bibi alizikwa jua limeshakuwa jekundu.

Miaka mingi nilijiona msaliti, mtoto aliyemwaibisha baba yake mbele ya jeneza la mama yake. Yeye alikufa hatujawahi kuzungumza. Nilipokuwa nimeshapata wanangu wawili nikaenda kumuangalia Bi Kalunde, mzee, macho hayaoni, nikaona niutue kwake ule mzigo. Nikamwambia siri ile ya nyumbani ni mie niliyeitoa.

Akacheka. "Wewe ulikuja wa pili. Baba yako alikuwa ameshatoka kwangu na mkaa wake. Alinambia, mtani, leo nizuie, mie kaka yangu simuwezi."

Nilikaa pale nikamkasirikia baba, kisha nikamhurumia. Mwanaume aliyejua kila chuma cha gari lake hakuwa na neno moja la kumwambia kaka yake. Na zile tikisa tatu, kumbe si za kutafuta ubovu, huo alishaujua tangu asubuhi. Alikuwa anawasikilizisha wao.

Zuhura hahitaji mtani, ana mfuko wa kutilia ufunguo. Sie siku ile, mie na baba, tulikwenda wawili mlango mmoja kuomba kitu kimoja, kila mtu anamficha mwenzake. Yeye alibeba mkaa wa kujifichia. Mie nilikwenda mikono mitupu.